Sura ya Nne: Njia Tatu za Magurudumu Matatu

Katoro na Buseresere ni mji mmoja uliokatwa na mpaka wa wilaya. Katoro iko Wilaya ya Geita, Buseresere iko Wilaya ya Chato, lakini mgeni akishuka basi pale hawezi kukuonyesha mpaka ulipo, kwa sababu maduka, mabanda ya mama lishe na vijiwe vya bodaboda vimeshikana. Katikati inapita barabara kuu ya lami inayotoka Usagara, nje kidogo ya Mwanza, ikazipita Sengerema na Geita, kisha ikaendelea Bwanga, Chato na Muleba. Zamani magari ya kutoka Mwanza yalifika kwa mafungu, kwa kadiri kivuko cha Busisi kilivyoyatapika. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, lori na basi havisubiri tena maji. Vinakuja mfululizo, mchana na usiku.

Kwenye lami hiyo hiyo kuna michomoko, yaani magari madogo ya abiria, iliyojaza watu, baiskeli zenye magunia ya mkaa, ng'ombe wanaovushwa kwenda mnadani, watoto wa shule, na maguta yanayotoka kwenye njia za udongo za Lwamgasa na Nyarugusu yakiwa na viroba vya mawe ya dhahabu. Sura iliyotangulia ilihusu pikipiki. Hii inahusu guta la mizigo na bajaji ya abiria, vyombo ambavyo watu wengi huvihesabu kuwa ni pikipiki zilizoongezewa tairi. Hata takwimu za dunia huviweka chungu kimoja: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na asilimia 21 yao walikuwa kwenye vyombo vya moto vya magurudumu mawili au matatu, bila kutenganishwa. Kwa mtu wa takwimu hilo halina shida. Kwa dereva lina shida kubwa, kwa sababu anayeliendesha guta kwa mikono ya bodaboda anaendesha chombo asichokijua.

Anza na shimo. Gari dogo lina njia mbili za magurudumu, ya kushoto na ya kulia. Shimo au jiwe likiwa katikati, dereva analipitisha chini ya tumbo la gari na safari inaendelea. Pikipiki ina njia moja. Shimo likiwa mbele, inasogea kidogo pembeni. Guta lina njia tatu. Magurudumu ya nyuma yanakanyaga kushoto na kulia, na la mbele linakanyaga palepale katikati ambapo gari lingepitisha shimo chini. Kati ya njia moja na nyingine pana kama nusu mita tu. Shimo lenye upana wa sentimita 60, ambalo kwa gari ni la kupita juu na kwa pikipiki ni la kupinda kidogo, kwa guta litapata gurudumu mojawapo, isipokuwa chombo kizima kihamie upande mwingine wa barabara. Kwa hiyo chombo hiki kinahitaji kukwepa kwa umbali mkubwa kuliko vingine vyote, na ndicho kisichovumilia kukwepa kwa ghafla.

Hakivumilii kwa sababu ya umbo lake. Chora mstari kutoka tairi la mbele hadi kila tairi la nyuma, kisha uunganishe matairi ya nyuma: utapata pembetatu. Uzito wote wa chombo, dereva na mzigo lazima uangukie ndani ya pembetatu hiyo. Gari lina kona nne, kwa hiyo likiinamia mbele kulia kuna tairi pale la kulipokea. Kwenye guta, mbele kulia hakuna kitu. Dereva akikata kona huku ameshika breki, uzito unakimbilia mbele na pembeni kwa wakati mmoja, yaani unakimbilia sehemu ambayo pembetatu imechongoka na haina tegemeo. Ndiyo maana utasikia watu wakisema guta lilianguka “bila kugongwa na kitu”. Kuligonga hakukuhitajika.

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa gharama. Mwaka 1970 kampuni ya Honda iliingiza sokoni kule pikipiki za magurudumu matatu za kuchezea porini, moja mbele na mawili nyuma, mpangilio uleule wa guta. Zilikuwa na matairi manene na hazikufanana na guta kwa mengi, lakini pembetatu ilikuwa ileile, na walioanguka walikuwa wengi, watoto wakiwemo. Mwaka 1988 kampuni zilizokuwa zikiziuza zilikubaliana na serikali ya Marekani, mbele ya mahakama, kuacha kuuza mpya. Waliotaka kuendelea na mchezo ule wakaletewa za magurudumu manne.

Sisi hatuna sababu ya kuyapiga marufuku maguta, wala sitaki yapigwe marufuku. Mpangilio huu ulibuniwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Mwaka 1948 kampuni ya Piaggio ya Italia, ikiwa na mhandisi Corradino D'Ascanio, ilitoa chombo cha magurudumu matatu kilichoitwa Ape ili wafanyabiashara wadogo wa nchi iliyobomolewa na vita wapate kusafirisha bidhaa mjini. Baadaye Bajaj ya India ikavitengeneza vyombo vya aina hiyo kwa leseni ya Piaggio, na kutoka huko tukapata jina ambalo leo kila mtoto wa Buseresere analijua. Chombo cha gurudumu moja mbele ni rahisi kukitengeneza, ni chepesi, na kinageuka kwenye uchochoro ambao gari haliingii. Kilichoshusha bei ndicho kilichoondoa kona ya nne. Mwenye kukinunua amenunua vyote viwili.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi na madereva wakongwe wanalijua mikononi lakini ni nadra kulisema. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo haigeuzwi kwa kuuzungusha usukani kuelekea unakokwenda. Anayetaka kwenda kushoto huusukuma mbele mpini wa kushoto. Gurudumu la mbele linaelekea kulia kwa nukta ya sekunde, pikipiki inalalia kushoto, na ndipo inapokata kushoto. Dereva wa bodaboda anafanya hivyo mara nyingi kwa siku bila kuwaza, mwili umeshajifunza. Mpe mtu huyo guta. Akiusukuma mbele mpini wa kushoto, guta halilali, kwa sababu matairi mawili ya nyuma yanalizuia. Linafuata gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele limeelekea kulia. Siku ya kawaida atarekebisha mapema na hatajua kuwa amekosea. Lakini mbuzi akikatiza ghafla upande wa kulia, mwili utafanya ulichozoea, na guta litamfuata mbuzi.

Dawa yake haipatikani barabarani. Inapatikana kwenye uwanja wa shule, siku ambayo wanafunzi hawapo, guta likiwa tupu, mwendo usiozidi kilomita 15 kwa saa, vizuizi laini vimepangwa chini, na dereva anapita kati yake mpaka mikono isahau pikipiki. Sheria yetu nayo imeliona hili kwa namna yake: leseni ya chombo cha magurudumu matatu ina daraja lake, A2, tofauti na la pikipiki. Nimeona vijana wanaoiona tofauti hiyo kama njia ya kuwapotezea pesa. Ningependa waione kama ushahidi kwamba hiki ni chombo kingine.

Ikiwa kukwepa kwa ghafla hakufai, basi kinachobaki ni kuamua mapema, na mapema hupimwa kwa mita. Kwa kilomita 40 kwa saa, guta linasogea mita 11 kila sekunde. Mtu akiona shimo hutumia kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Mita 11 zimekwisha kwenda. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine kama 12. Jumla ni 23. Kwa kilomita 60, ambayo ni juu ya kikomo cha 50 kwenye makazi, jumla inafika kama mita 45. Kwa kilomita 20, mita 9 zinatosha. Hapo nimehesabu breki nzuri, barabara kavu na guta lisilozidiwa mzigo. Vumbi la changarawe lililosombwa na mvua hadi kwenye lami, jambo la kawaida kila njia ya udongo inapokutana na barabara kuu, linaharibu hesabu yote. Kona nayo ina hesabu yake: ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inayokisukuma chombo nje ya kona haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Kona iliyopitika bila shida kwa 20 si kona ileile kwa 40.

Kwa hiyo macho ya dereva wa guta yasikae kwenye tairi la mbele. Yakae mbali, mita 40 au 50, na swali lake liwe moja: gurudumu langu gani litapita wapi? Akiona shimo kwa umbali huo anapunguza mwendo kwanza, chombo kikiwa kimenyooka, kisha anahama taratibu baada ya kutazama kioo. Shimo lisipokwepeka, achague gurudumu la nyuma lilipe, si la mbele. La mbele likizama, uma wake unajikunja, usukani unaponyoka na chombo kinajikita. La nyuma likizama, chombo kitainama na kuinuka. Na jambo ambalo wengi hulifanya kinyume: breki zishikwe kabla ya shimo, ziachiwe ukingoni mwake. Ukiingia shimoni ukiwa umekanyaga breki, pua ya chombo imeshainama, shokapu zimeshabanwa, na hakuna nafasi iliyobaki ya kumeza kishindo. Uingie umenyooka, mikono miwili imeshika. Tuta nalo lipandwe hivyo hivyo. Kulipanda kwa mshazari, ambako wenye magari ya chini hufanya ili wasikwaruze, kwenye guta ni kuliinua tairi moja la nyuma wakati mzigo umeegemea lingine.

Mzigo ndio moyo wa sura hii, kwa kuwa Buseresere ni mji wa dhahabu na mahindi, na guta hubeba vyote. Kiroba kilichowahi kubeba kilo 50 za mahindi, ukikijaza mawe yaliyotoka duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji, uzito wake unakaribia mara mbili au kuzidi, ingawa kinaonekana kilekile. Mpakiaji anayehesabu viroba badala ya kilo atalizidishia guta bila kujua. Dalili ya kwanza iko kwenye usukani: ukiwa mwepesi kupita kawaida, mzigo umekaa nyuma sana na gurudumu la mbele linagusa barabara kwa shida. Kwenye mlima mdogo tu litanyanyuka, na gurudumu lililonyanyuka haligeuzi chombo. Mawe yapangwe kuanzia mbele ya bodi, nyuma ya mgongo wa dereva, yasijazane kwenye mlango wa nyuma. Na kwa kuwa ni mazito kwa umbo dogo, yakipangwa chini tabaka moja yanalifanya guta litulie kuliko mzigo wa mkaa.

Mkaa ni hatari ya namna nyingine. Ni mwepesi, basi mtu anaongeza gunia juu ya gunia hadi mzigo unampita dereva kimo mara mbili. Uzito wenyewe mizani isingeulalamikia. Tatizo ni kwamba uko juu, na kadiri uzito unavyokwenda juu ndivyo kona ndogo inavyotosha kuutoa nje ya ile pembetatu. Basi kubwa likilipita guta kama hilo kwa kasi, upepo wake nao unalisukuma. Mzigo wa mkaa unaovuka kimo cha kichwa cha dereva aliyeketi ungepigwa marufuku kama ningekuwa na mamlaka hayo.

Maji ndiyo yanayodanganya zaidi. Machimboni maji ni biashara, na guta lenye tangi la lita 500 ni jambo la kawaida. Likiwa limejaa kabisa, maji hayana pa kwenda. Likiwa nusu, kuna kilo 250 zinazotembea zenyewe ndani: ukikata kushoto yanakimbilia kulia, ukirudisha usukani yanarudi yakiwa yamechelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakoliangusha guta kwenye mpindo wa pili, dereva akidhani ameshapona. Madumu ya lita 20 yaliyojazwa na kufungwa ni salama kuliko tangi nusu, hata kama kuyapakia kunachosha.

Kwa bajaji, mzigo ni watu. Imetengenezwa kwa dereva mmoja mbele na abiria watatu nyuma. Uzito wake ikiwa tupu hauzidi kilo 400, kwa hiyo watu watano wazima wanakaribia kuwa na uzito wa bajaji yenyewe. Abiria anayeketishwa ubavuni mwa dereva anafanya madhara mawili. Anauhamishia uzito mbele na pembeni, palepale pembetatu ilipochongoka, na goti lake linazuia usukani usizunguke hadi mwisho. Mama mwenye mtoto mgongoni akiambiwa “sogea mbele kidogo, mama, twende”, ana haki ya kujibu, “Hapana mwanangu, nasubiri nyingine.” Natamani abiria wa Katoro na Buseresere waitumie haki hiyo kila siku, kwa sababu dereva peke yake hataweza. Anadaiwa hesabu.

Hesabu ya tajiri, yaani pesa ambayo dereva humpelekea mwenye chombo, lazima izungumzwe katika kitabu cha hatari za barabarani. Kijana aliyepewa chombo kwa mkataba anapeleka kiasi kilekile siku ya jua na siku ya mvua. Siku ya mvua njia hazipitiki, abiria ni wachache, muda umekwisha, na pesa inayotakiwa haijapungua. Mwendo wa jioni hiyo hupangwa na deni. Matajiri walio waungwana hupunguza hesabu mvua kubwa zikianza, na huhesabu tairi kipara kuwa ni deni lao, si la dereva. Tairi la mbele lililokwisha, beringi inayocheza na breki zilizolainika ni vitu vya gereji vya siku moja. Tajiri anayemwambia dereva “malizia wiki hii kwanza” ameshiriki kuamua mita ambazo chombo chake kitahitaji ili kisimame.

Mvua za Oktoba hadi Desemba na zile za Machi hadi Mei huzichimba njia za udongo kwa tairi za malori. Lori linaacha mifereji miwili iliyo mbali kuliko upana wa guta, na katikati yake tuta. Hapo guta haliwezi kukaa sawa: tairi moja la nyuma likiwa mferejini, lingine na la mbele yatakuwa juu. Mfereji ukiwa na kina cha shubiri au zaidi, abiria washuke, mzigo wa juu upunguzwe, chombo kipite polepole bila kugeuza usukani ghafla. Watu watanung'unika kukanyaga tope. Waache wanung'unike.

Kwenye lami hatari ya mvua iko ukingoni. Maji huimega lami pembeni na kuacha ngazi kati yake na udongo. Dereva wa guta aliyetishwa na honi ya basi nyuma yake hushusha tairi la kushoto, kisha akijaribu kurudi kwa mshazari, tairi linasugua ile ngazi bila kupanda, anaongeza nguvu, na likipanda linapanda ghafla, chombo kikimtupa kwenye njia ya basi lenyewe. Akishashuka, abaki chini. Apunguze mwendo hadi karibu asimame, atafute mahali ngazi ilipo fupi, ndipo apande. Na basi likija nyuma, ni bora kushuka mapema na kwa hiari, mahali alipopachagua.

Usiku kila kitu kinazidi, na kuna jambo moja ambalo ni la magurudumu matatu peke yake. Maguta mengi yana taa moja kubwa mbele. Dereva wa lori anayekuja anaona taa moja, anaamini ni pikipiki, na anaiachia nafasi ya pikipiki. Bodi pana iliyo nyuma ya taa hiyo haionekani. Vipande vya rifleta kwenye kona mbili za mbele za bodi, na vyekundu nyuma, ni gharama ndogo kuliko yote niliyoitaja katika sura hii. Mbao au nondo zinazochomoza nyuma zifungiwe kitu chenye kung'aa, kwa sababu kitambaa chekundu usiku ni cheusi.

Halafu kuna mawe. Lori likiharibika njiani, utingo hukata matawi na kuyatandaza barabarani kuwaonya wengine, kisha huweka mawe nyuma ya matairi lisirudi. Likipona linaondoka, mawe yanabaki, mara nyingi katikati ya njia. Gari litayapitisha chini na dereva wake hatajua yalikuwepo. Guta litayapata kwa gurudumu la mbele. Ukiona matawi, mabichi au makavu, hesabu kwamba kuna mawe, hata kama hakuna lori. Ukiyaona mawe yenyewe, yapite, simama mbele nje ya barabara, washa taa, na uyasukumie mtaroni pale ambapo hakuna gari linalokaribia. Na kwa kuwa guta lako nalo litaharibika siku moja mlimani, chonga vigingi viwili vya mbao vya kuzuia tairi, uvifunge kwa kamba kwenye bodi. Chombo kikiondoka, vitaondoka nacho.